Kipaji Hakitembei Peke Yake: Maisha ya Sunday Manara na Wajibu wa Mwalimu

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyokusudiwa walimu na watumishi wa umma wa kata ya Mwankoko, Singida.)



Kila jioni, ng'ombe wanaporudi zizini na jua likiegemea upande wa magharibi, katika kila kijiji cha Singida huonekana vumbi linapanda juu ya kiwanja. Ndani ya vumbi hilo wamo watoto wanaokimbiza mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba. Mzazi anayepita njiani hutazama, hutikisa kichwa, na hujiuliza kama mtoto wake anapotea au anajengwa.

Kwa muda mrefu swali hilo limepewa majibu mawili. La kwanza ni la zamani: kwamba mpira ni uhuni, na mtoto anayeupenda ameiacha shule. La pili ni la siku hizi: kwamba mpira ni utajiri, na mtoto mwenye kipaji hahitaji kitabu. Majibu haya yanapingana, lakini yana kosa moja linalofanana. Yote mawili yanadhani kwamba kipaji hutembea chenyewe, ama kuelekea shimoni ama kuelekea mlimani, bila mkono wa mtu mwingine. Maisha ya mchezaji mmoja wa Tanzania, Sunday Manara, yanaweza kusaidia kuonyesha ukweli ulivyo.

KIUNGO NI NANI?

Kabla ya kumtazama mtu mwenyewe, ni vema kuitazama kazi yake. Lugha ya Kiswahili imeipa kazi hiyo jina linalofaa sana. Kiungo ni mahali mifupa miwili inapokutana, kama goti au kiwiko. Mfupa ukiwa mzima lakini kiungo kikawa kibovu, mtu hawezi kutembea. Katika mpira, kiungo ni yule anayesimama kati ya walinzi na washambuliaji. Hupokea mpira kutoka kwa mlinzi aliye taabani. Hutazama huku na huku kabla mpira haujamfikia. Kisha huupeleka mahali ambapo mwenzake atakuwapo baada ya nukta mbili, wala si mahali alipo sasa.

Mchezo ukiisha, watu humbeba begani aliyefunga bao. Mara chache huulizwa ni nani aliyetoa pasi, na mara chache zaidi huulizwa ni nani aliyempa mtoa pasi ule mpira. Wakazi wa Mwankoko wanaielewa hali hiyo kuliko wengine. Mji wa Singida hupata maji kutoka visima vya Mwankoko na Irao. Mtu wa mjini afunguaye bomba alfajiri hufikiri juu ya chai yake, wala hafikiri juu ya Mwankoko. Hata hivyo chai hiyo isingechemka bila Mwankoko.

Mwalimu wa shule ya msingi na mtumishi wa ofisi ya kata nao ni viungo wa namna hiyo. Mwalimu humpokea mtoto kutoka kwa mzazi na kumkabidhi kwa taifa. Mtumishi hupokea shida ya mwananchi na kuifikisha mahali penye uamuzi. Wakiwa wazembe, uzembe wao hauonekani siku ile ile, bali huonekana baada ya miaka mingi katika jambo ambalo halikutokea.

KIJANA ALIYEITWA KOMPYUTA

Sunday Manara alitoka katika nyumba ya wanamichezo. Kaka yake, Kitwana, alianza kwa kulinda lango kisha akawa mshambuliaji mashuhuri. Mdogo wake, Kassim, naye alikuwa mchezaji wa kutegemewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Sunday alikuwa nyota wa Young Africans, yaani Yanga, na mashabiki walimpa jina la "Kompyuta" kwa jinsi alivyokuwa akipiga hesabu za mchezo upesi.

Jina hilo lina kichekesho chake, hasa kwa watumishi wa serikali. Wakati ule wananchi wengi hawakuwa wamepata kuiona mashine hiyo. Mwaka 1974 Serikali, baada ya kuona taabu iliyoletwa na mitambo ya kigeni isiyokuwa na wataalamu wa kutosha wa kuiendesha, ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Mashine ikakatazwa bandarini, lakini Kompyuta ya Yanga ikaendelea kufanya kazi yake uwanjani bila kibali cha mtu.

Tarehe 10 Agosti ya mwaka huo huo, Yanga na Simba zilikutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua ubingwa wa taifa. Simba hiyo haikuwa timu dhaifu, kwani mwaka huo ilifika nusu fainali ya klabu bingwa za Afrika. Adam Sabu aliipatia Simba bao la mapema. Saa zikaenda, na mashabiki wa Simba wakaanza kuimba. Dakika za mwisho Gibson Sembuli akasawazisha, mchezo ukaingia muda wa nyongeza, na hapo Sunday Manara akafunga bao la pili. Yanga ikashinda kwa mabao 2 kwa 1. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara, na asiyekuwa Nyamagana alilipata bao hilo kwa masikio, kupitia redio. Hata leo wapo wazee wanaolisimulia kama kwamba waliliona kwa macho.

KUVUKA BAHARI

Katika miaka hiyo mpira wa Tanzania ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji aliajiriwa katika shirika la umma, jeshi au idara fulani. Asubuhi alikuwa karani au fundi, na jioni alikuwa mazoezini. Kulipwa kwa sababu ya kucheza tu lilikuwa jambo geni, na wako walioliona kuwa ni kujiuza. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Taifa lilikuwa likijaribu kujenga utu usiopimwa kwa fedha, nayo michezo ilihesabiwa kuwa sehemu ya afya na umoja wa wananchi. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Sunday Manara alivuka bahari na kujiunga na Heracles ya mji wa Almelo, Uholanzi. Anatajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa barani Ulaya. Almelo ni mji wa mashariki ya Uholanzi, karibu na mpaka wa Ujerumani, uliojulikana kwa viwanda vya nguo. Klabu yake iliasisiwa mwaka 1903 na ilikwisha twaa ubingwa wa nchi hiyo mwaka 1927 na mwaka 1941, ingawa wakati Manara anafika ilikuwa daraja la pili. Haifai kudhani kwamba daraja la pili lilikuwa jambo dogo. Uholanzi ya miaka hiyo ilikuwa shule ya mpira ya dunia nzima: ilicheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1974 na tena mwaka 1978. Huko kila mchezaji alitakiwa kujua kazi ya mwenzake, na aliyekuwa hafikiri hakuwa na nafasi.

Baada ya Uholanzi, Manara aliichezea New York Eagles ya Marekani, kisha akacheza St. Veit nchini Austria, na hatimaye Al Nasr ya Dubai. Kassim naye alifika kucheza Austria. Kwa hiyo Sunday Manara aliuchezea mguu wake katika mabara matatu mbali na Afrika, wakati ambapo barua kutoka nyumbani ilichukua majuma kadhaa kumfikia mtu. Akarejea nchini, na jina la ukoo halikuacha uwanja: mwanawe, Haji, alikuja kujulikana nchi nzima kwa kuisemea Simba na baadaye Yanga.

NJIA ILIYOOTA NYASI

Jambo la kusikitisha ni kwamba njia aliyoifyeka Manara haikuwa barabara kuu. Taifa Stars ilicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 mjini Lagos, kisha ikangoja miaka 39 hadi iliporudi tena mwaka 2019. Tangu Manara alipokwenda Almelo hadi Mbwana Samatta alipokuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mwaka 2020, ilipita miaka zaidi ya arobaini. Kati ya hapo walikwenda wachache, mmoja huku na mmoja kule. Mwaka 2010, kwa mfano, kiungo hodari wa Simba, Haruna Moshi, alijiunga na Gefle ya mji wa Gävle, Sweden, nchi ambayo ligi yake huchezwa wakati wa majira ya joto kwa sababu ya theluji. Hakukaa huko muda mrefu.

Je, Tanzania ilikosa vipaji kwa miaka arobaini? Hapana. Mwaka 2022 wasichana wa Serengeti Girls walikwenda India katika Kombe la Dunia la wenye umri chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Vipaji hivyo vilitoka katika viwanja vya vumbi kama vya hapa. Kilichopungua kwa miaka mingi ni viungo: watu wa kati wanaopokea kipaji kutoka kijijini na kukipeleka mbele kikiwa na umri unaojulikana, cheti, elimu na mkataba unaosomeka.

Mfano wa uchungu upo. Serengeti Boys ilifuzu kucheza mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 yaliyofanyika Gambia mwaka 2005, lakini ikaenguliwa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Vijana wote wa timu hiyo waliadhibiwa. Mtu anaweza kuilaumu timu, lakini umri wa mtoto huanza kuandikwa mahali gani? Huanza kuandikwa zahanati, katika ofisi ya kijiji na katika rejesta ya shule ya msingi. Mwaka mmoja unaopunguzwa kwa kalamu ya mtu mwenye huruma huweza kuwa mzigo kwa taifa zima.

SHERIA IPO, DAFTARI HALIPO

Ndugu watumishi, yako mambo mawili katika kanuni za Shirikisho la Mpira la Kimataifa, FIFA, ambayo hapana budi yajulikane katika kila kata.

La kwanza ni la kinga. Kwa kawaida mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine. Misamaha ipo, kama vile wazazi wanapohama kwa sababu zisizohusu mpira, lakini ni michache na hukaguliwa. Kwa hiyo mtu anayefika kijijini na kumwambia mzazi auze ng'ombe ili kijana wa miaka 15 apelekwe kwenye klabu ya Ulaya, ama hajui kanuni ama ni mlaghai. Mwalimu anayeijua kanuni hii anaweza kuokoa zizi la mtu, na pengine maisha ya mtoto.

La pili ni la haki. Mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fedha hizo hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu mwaka alipotimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa malezi kati ya umri wa miaka 12 na 15 una haki ya robo ya asilimia moja ya bei yote, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una haki ya nusu ya asilimia.

Hesabu hiyo inaweza kufundishwa darasani. Kijana akiuzwa kwa dola 1,000,000, klabu iliyomlea kwa miaka minne tangu alipotimiza miaka 12 inastahili dola 10,000. Fedha hizo zingetosha kuanza ujenzi wa vyumba vya madarasa au kuzungushia kiwanja uzio. Lakini ili zilipwe, klabu iwe imesajiliwa na chama cha mpira, na kijana awe ameandikishwa humo kwa jina lake na tarehe zake. Klabu isiyo na usajili haina ushahidi, na isiyo na ushahidi haina dai. Kijiji kinaweza kumlea mchezaji wa dunia kisha kikabaki na picha tu ukutani.

Basi kikwazo hapa si umaskini, kwa kuwa daftari na kalamu havihitaji msaada wa mfadhili.

BAADA YA FILIMBI

Yako maisha mengine, nayo ni marefu kuliko yale ya uwanjani. Mchezaji akibahatika hufika miaka 35 akiwa bado anacheza. Baada ya hapo anaweza kuwa na miaka mingine thelathini au arobaini ya kuishi. Zamani ajira ya shirika la umma ilimfichia mchezaji jambo hilo, kwa kuwa mguu ulipochoka meza yake ya ofisini ilikuwapo. Mashirika mengi yalipouzwa au kufungwa katika miaka ya 1990, meza zile zikaondoka. Mchezaji wa leo hulipwa zaidi, lakini akianguka huanguka kutoka juu zaidi.

Kikosi kilichokwenda Lagos mwaka 1980 kinatoa fundisho. Nahodha wake, Leodegar Tenga, alikuwa pia mtu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhandisi. Miguu yake ilipopumzika, kichwa kilikuwa tayari: aliliongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania tangu mwaka 2004 hadi 2013, na akaliongoza pia baraza la mpira la Afrika Mashariki na Kati. Joel Bendera, aliyeifundisha timu hiyo pamoja na Slawomir Wolk kutoka Poland, baadaye alikuwa Mbunge, Naibu Waziri na Mkuu wa Mkoa, hadi alipofariki mwaka 2017. Watu hawa hawakuchagua kati ya kitabu na mpira, na taifa lilinufaika nao mara mbili.

SINGIDA NA UWANJA WAKE

Mkoa wa Singida haukosi kiwanja cha kutamaniwa. Mjini upo uwanja uliojulikana zamani kwa jina la Namfua, ambao sasa unaitwa Liti, kwa heshima ya Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani na kuwatumia nyuki kama askari wake. Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu. Mwaka 2018 ikacheza fainali ya kombe la shirikisho. Na mwaka 2020 ikashuka. Baada yake zimekuja timu nyingine zenye jina la Singida, na wachezaji kutoka nchi mbalimbali wamekanyaga nyasi za Liti.

Hilo ni jema, na mgeni ana haki ya kukaribishwa. Hata hivyo swali linabaki: ni wangapi kati ya waliovaa jezi yenye jina la Singida walikulia katika shule za Singida? Timu huweza kununuliwa, kuhamishwa na kubadilishwa jina. Mtoto aliyelelewa vizuri Mwankoko hawezi kubadilishwa asili yake.

YANAYOWEZEKANA

Yanayotakiwa hayapiti uwezo wa kata moja.

Kwanza, kiwanja cha shule kipimwe na mipaka yake iandikwe. Mji unapotanuka, ardhi iliyo wazi huonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Kiwanja kikisha kugawanywa kuwa viwanja vya nyumba, hakirudi.

Pili, kila shule iwe na daftari la michezo lenye jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, na mashindano aliyocheza, yakiwamo ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Wasichana waandikwe sawa na wavulana. Anayetoka shule moja kwenda nyingine aondoke na nakala yake. Nayo klabu ya kata isajiliwe, ili daftari hilo liwe na nguvu ya ushahidi.

Tatu, mpira usitumike kama adhabu wala kama rushwa. Mwanafunzi anayeshindwa hesabu hasaidiwi kwa kunyimwa kiwanja, wala mwanafunzi anayefunga mabao hasaidiwi kwa kupewa alama asizostahili. Anayepewa alama za bure leo atatia sahihi kesho mkataba asioweza kuusoma.

Nne, mzazi aambiwe kweli. Aambiwe kwamba katika watoto mia wanaokimbia pale kiwanjani, pengine hakuna hata mmoja atakayefika Uholanzi. Lakini wote mia wanaweza kutoka pale wakiwa na afya, wakijua kushirikiana, kushindwa bila chuki, na kumpasia mwenzao aliye mahali pazuri zaidi. Mtumishi aliyejifunza hilo utotoni hakalii faili la mwananchi.

Ndugu walimu na watumishi, bao la Nyamagana lilifungwa na Sunday Manara, na haki ya sifa ni yake. Lakini mpira ule ulipita kwanza katika miguu ya wenzake, na kabla yao ulipita katika mikono ya waliomlea na kumruhusu kucheza, ambao majina yao hayakutangazwa redioni. Jioni ya leo vumbi litapanda tena juu ya kiwanja cha Mwankoko. Ndani yake yumo mtoto ambaye jina lake bado halijaandikwa popote. Kalamu ya kumwandika imo mikononi mwenu.